Sinema za vita zimewasahau wapagazi

Ndugu msikilizaji, kuna meli moja ambayo imezamishwa mara mbili. Mara ya kwanza ilizamishwa na Wajerumani wenyewe waliokuwa wakiimiliki. Mara ya pili ilizamishwa na watu wa sinema. Kwa bahati mbaya, duniani wanaoijua habari ya pili ni wengi kuliko wanaoijua ya kwanza.

Meli hiyo iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo elfu tano na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo ilisafirishwa kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Maana yake ni kwamba meli nzima ilipita stesheni ya Tabora ikiwa ndani ya masanduku, ikielekea ziwani kwa njia ambayo kwa kiasi kikubwa inafuatana na ile ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji.

Ikaunganishwa upya Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani walipoona maji yamefika shingoni, waliizamisha kwa mikono yao, baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina ambalo wakazi wa Kigoma wanalijua vizuri: Liemba.

Sasa tazama yaliyotokea katika sinema. Mwaka 1951 ilitolewa picha iitwayo "The African Queen", iliyoongozwa na John Huston. Ndani yake Mwingereza mmoja, dada wa mmisionari, na fundi mmoja mlevi wanashuka mto kwa kijimashua kibovu, wanatengeneza torpedo zao wenyewe, na mwishowe meli ya Wajerumani inagonga mabaki ya mashua yao, inalipuka na kuzama. Watazamaji wanashangilia. Humphrey Bogart akapata tuzo ya Oscar. Picha yenyewe ilipigwa Kongo na Uganda, na naungama kwamba inapendeza kuitazama. Lakini meli ile haikuzamishwa na Mwingereza yeyote, awe mlevi au mwenye akili timamu.

Waingereza walifanya jambo jingine, ambalo kwa kweli linastaajabisha zaidi. Mwaka 1915 walisafirisha mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka kwao hadi Cape Town, zikapandishwa treni kuelekea kaskazini, kisha zikakokotwa porini na milimani huko Katanga kwa matrekta ya mvuke, maksai na mamia ya vibarua wa Kiafrika, mpaka zikafika Ziwa Tanganyika mwezi Oktoba. Desemba 26 waliiteka meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuigusa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatupeleka moja kwa moja kwenye mazungumzo yetu ya leo, yaani sinema za vita. Mtu anayetengeneza sinema ya vita ana mafiga matatu ya kutegeka chungu chake. La kwanza ni ukweli wa historia: nani alipigana na nani, wapi, lini na kwa sababu gani. La pili ni uhalisia: mambo yaonekane kama yalivyo, jasho liwe jasho na matope yawe matope. La tatu ni uzalendo: mtazamaji atoke ukumbini akiipenda nchi yake zaidi. Figa moja likizidi kimo, chungu kinainama, na mchuzi unamwagika.

Watu wengi, hasa vijana, huchanganya figa la kwanza na la pili. Nakumbuka miaka ya tisini, mabanda ya video yalipokuwa yamejaa mijini, tulikaa kwenye mabenchi ya mbao tukibishana kama bunduki fulani kweli inaweza kufyatua risasi mia bila kujazwa. Stelingi hafi, tulikuwa tukisema, na hiyo ilikuwa sheria. Baadaye zikaja picha za aina nyingine. Mwaka 1998 Steven Spielberg alitoa "Saving Private Ryan", na zile dakika zake za mwanzo, askari wakishuka katika ufuo wa Normandy, ziliwatetemesha hata watu waliokuwa wamezoea vita vya sinema. Risasi zinavuma, bahari inageuka damu, mtu analia akimwita mama yake. Hapo ndipo wengi walipoanza kusema kwamba sinema sasa inasema kweli.

Lakini hebu tutulie kidogo. Ufuo ule ulikuwapo na vita ile ilipiganwa mwaka 1944, ila kapteni anayetumwa kumtafuta askari Ryan, pamoja na safari yake yote, ni hadithi ya kutungwa. Hilo si kosa. Ninachosema ni kwamba mlio wa risasi unaweza kuwa wa kweli kabisa, na habari inayosimuliwa ikawa ya kubuni. Uhalisia hushika macho na masikio. Ukweli wa historia hauonekani kwa macho, mpaka mtu aulize. Ndiyo maana mwongo hodari hujitahidi sana katika vitu vidogo: vifungo vya sare, aina ya bunduki, rangi ya bendera. Ukishaamini vifungo, utaamini na yaliyobaki.

Sasa turudi Tabora. Tuseme kesho mtu anakuja na fedha za kutosha, anataka kutengeneza sinema ya vita vya Tabora vya mwaka 1916. Vita hivyo vilikuwapo, na si vidogo. Dar es Salaam ilipokuwa hatarini, Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Tabora. Kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari na sarafu hazikuja tena kutoka Ulaya, walitumia karakana ya reli pale pale Tabora kupiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Zilitoka zaidi ya elfu kumi na sita, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania.

Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliusogelea mji kutoka kaskazini na kutoka magharibi. Kukawa na mapigano makali Usoke, Lulanguru na Itaga. Mjerumani Kurt Wahle akaona hawezi kuushikilia mji, akaondoka na askari wake, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia. Tombeur akaja kupewa cheo cha ubwana nchini kwake, na jina la Tabora likaungwa kwenye jina lake. Mwaka 1917 Wabelgiji waliwaachia Waingereza mji.

Mtengeneza sinema wetu ana kila kitu: dhahabu, reli, majenerali, mji unaozingirwa. Lakini akikaa chini kuandika atakutana na swali gumu. Uzalendo wa nani? Waliopiga risasi upande wa Wabelgiji wengi wao walikuwa Wakongo. Waliopiga risasi upande wa Wajerumani wengi wao walikuwa askari wa huku kwetu. Mtu wa Kasai na mtu wa Unyamwezi waliuana penye miembe ya Tabora kwa ajili ya ugomvi ulioanzia Ulaya, na mshindi alipewa cheo Brussels. Tumshangilie nani? Tukimshangilia askari wa Mjerumani kwa kuwa ni wa kwetu, tunamshangilia mtu aliyekuwa akilinda utawala uliokuwa umeukandamiza mji huo huo miaka 23 kabla, Januari 1893, ulipovunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Tukimshangilia Mkongo, tunalishangilia jeshi ambalo njia nzima lilijilisha kwa chakula cha wanakijiji.

Na bado hatujamtaja mhusika mkuu. Mhusika mkuu wa vita ile katika Afrika Mashariki hakuwa na bunduki. Alikuwa na mzigo kichwani. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na karibu laki moja kati yao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Wabelgiji nao walichukua zaidi ya laki mbili, na Wajerumani walikamata wao. Watu wa njia ya misafara walijua kazi ya upagazi tangu zamani, na Mnyamwezi alikwenda Bagamoyo kwa hiari yake, akapatana ujira, akarudi na nguo na majembe. Upagazi wa vita haukuwa huo. Ulikuwa wa kukamatwa shambani na kufungwa kamba. Nako Ugogo, ambako majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na nguvukazi, kukaja ile njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920.

Hapa ndipo uhalisia unapotakiwa, ndugu msikilizaji. Uhalisia wa vita ya Tabora si mlipuko tu. Ni kisigino kilichopasuka. Ni kibaba cha unga kinachogawiwa watu ambao kesho yake watabeba sanduku la risasi wasizojua zitampiga nani. Ni mwanamke anayefukia mtama wake chini usiku ili jeshi lisiuone, halafu analala njaa juu ya chakula chake mwenyewe. Hayo sijayaona katika sinema hata moja. Katika "The African Queen" Waafrika wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani, kijiji chao kinachomwa, wanaswagwa, na baada ya hapo ziwa, mto na hadithi vinabaki kuwa mali ya watu wawili wazungu.

Mtu atasema hayo ni ya Waingereza, wao walijisifu kwa haki yao. Ni kweli kwamba kila taifa hujisifu. Lakini tazama uzalendo wa sinema unavyoweza kufika mbali. Carl Peters, yule ambaye watu wa pwani na bara walimwita Mkono wa Damu, alifukuzwa utumishi na mahakama ya Wajerumani wenyewe mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Hitler, ikatolewa sinema yenye jina lake, naye akachezwa na Hans Albers, mwigizaji aliyependwa kuliko wengi Ujerumani. Mtu aliyewashinda hata mabwana zake kwa ukatili aligeuzwa shujaa aliyeonewa. Ukumbi ulipozimwa taa, hukumu ya mahakama ilizimwa nayo.

Hata marafiki huoneana. Mwaka 1945 Wamarekani walitoa "Objective, Burma!", Errol Flynn akiwaongoza askari wa miavuli wa Kimarekani katika misitu ya Burma. Waingereza walikasirika mno, kwa kuwa vita ya Burma iliwagharimu wao zaidi kuliko Wamarekani, na picha ikaondolewa katika kumbi za London. Magazeti yao yalilalamika kwamba wamenyang'anywa vita yao. Sawa. Lakini katika kelele zile zote, ni nani aliyewakumbuka vijana wa King's African Rifles? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw katika majira ya mvua mwaka 1944, mpaka Kalewa. Mmarekani alimsahau Mwingereza, Mwingereza akapiga kelele. Waingereza walipomsahau Mwafrika, hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu hatukuwa na ukumbi wala kamera.

Sasa tuna kamera. Simu ya kijana wa leo inapiga picha nzuri kuliko mashine nyingi za zamani. Kwa hiyo swali linageuka na kutuelekea sisi. Je, sisi tutasema kweli?

Chukua Mirambo wa Urambo. Miaka ya 1870 aliwabana wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe mpaka njia ya Ujiji ikafungwa. Henry Stanley alijiunga na Waarabu hao kumpiga mwaka 1871, wakashindwa, na mwaka 1876 Stanley huyo huyo akachanjiana naye damu ya undugu. Jina lake tunalionea fahari, na inafaa tulionee. Lakini ruga-ruga wake walichoma vijiji na kuchukua mateka, na waliochomewa nyumba ni mababu wa Watanzania wa leo vilevile. Sinema itakayomwonyesha Mirambo akiwa malaika itawapendeza watu kwa wiki mbili. Sinema itakayomwonyesha mtawala mwenye akili kali na mkono mzito, aliyeona mapema kwamba anayeshika njia ndiye anayeshika nchi, itaishi miaka hamsini.

Au chukua Isike. Masimulizi mengi yanasema alipoona ngome imevunjwa na kikosi cha Tom von Prince, aliwasha ghala lake la baruti ajilipue asikamatwe. Wengine wanaongeza kwamba Wajerumani walimtoa akiwa mahututi wakamnyonga. Mtengeneza sinema mzalendo atakatia hadithi kwenye mlipuko, kwa kuwa mlipuko unapendeza. Mimi ningemshauri aendelee hadi kamba. Fedheha ya kumnyonga mtu anayekufa si ya Isike.

Lakini mtihani mkubwa kuliko yote ni vita ambayo tuliipigana sisi wenyewe, kwa jina letu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Novemba Mosi Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni lake. Mwalimu Nyerere, ambaye ni mtoto wa shule ya Tabora, alitangaza kwamba tutampiga. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Mwaka 1980 Taasisi ya Audio-Visual na Kampuni ya Filamu Tanzania walitoa filamu ya "Vita vya Kagera" kuonyesha ushujaa wa wapiganaji wetu, na ilistahili kufanywa. Taifa lililovamiwa lilikuwa na haki ya kujiona.

Hata hivyo filamu ya wakati wa furaha haiwezi kuwa neno la mwisho. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na vita ile na kutoa kitabu mwaka 1982, wameeleza kwamba baada ya kuiteka Mutukula, Januari 1979, askari wetu wenye uchungu wa yale waliyoyaona Kagera waliubomoa mji ule, na raia waliuawa. Wameeleza pia kwamba Mwalimu alipopata habari alichukizwa sana, akaamuru kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe.

Kuna watakaoniambia, ndugu mtangazaji, mambo hayo ya nini? Unalichafua jeshi. La hasha. Hebu fikirini. Ukiifuta Mutukula katika sinema, unalazimika kuifuta na amri ya Mwalimu, maana amri haina maana bila kosa lililoisababisha. Utabaki na jeshi lisilokosea kamwe, sawasawa na majeshi yote ya sinema zote za dunia, na utakuwa umetupa jambo moja ambalo majeshi mengi hayana la kuonyesha: kiongozi aliyejua hasira ya askari wake ni ya haki, na bado akaizuia. Kwangu mimi huo ni uzalendo uliokomaa. Uzalendo wa mtoto husema baba yangu hakosei. Uzalendo wa mtu mzima husema baba yangu alikosea, akajirudi, nami namheshimu.

Sisemi kwamba msanii asibuni. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya "Kinjeketile", iliyotoka mwaka 1969, alitahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia moja kwa moja, bali ni kiumbe cha sanaa. Kwa tahadhari hiyo fupi alipata uhuru wote alioutaka na hakumdanganya mtu. Huo ndio mfano ninaowapa vijana wetu wa filamu. Buni mazungumzo, buni mapenzi, buni hata mpagazi mmoja mwenye jina na mke na deni dukani. Usibuni nani alishinda, nani alikufa na nani aliyezamisha meli.

Na wale wanaolalamika kwamba sinema ya vita ni ghali, kwamba hatuna vifaru wala ndege za kulipua, nawajibu hivi. Sinema ya wapagazi haihitaji vifaru. Inahitaji njia, mizigo, jua la Septemba la Tabora na waigizaji wanaoweza kutembea. Njia ipo. Jua lipo. Kazi kubwa itakuwa kutafuta habari, na hapo muda hautungoji. Wapagazi wa mwaka 1916 wote wamekwisha, hatukuwauliza kwa wakati. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoingia Kampala mwaka 1979 sasa amevuka 65. Yuko mtaani kwako, pengine Isevya, pengine Ng'ambo, pengine unamwona kila siku akinywa kahawa barazani. Ana mambo ambayo hayamo katika filamu yoyote: alikula nini, aliogopa wapi, nani alikufa karibu naye, na jambo gani alilifanya ambalo hajawahi kulisema.

Mwenye kalamu achukue kalamu, mwenye simu aiwashe, aende akamwulize kwa heshima. Anza na mizigo: nani aliibeba?

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo wakati kama huu.